Robert Koch: muganga aliyeonyesha mikrobe ya kifua kikuu na ya kolera

Kila mwaka tarehe 24 ya mwezi wa tatu, kwenye vituo vya afya vya Goma, Bukavu, Bunia, Kindu na Kalemie, waganga wanaongea na wagonjwa juu ya kifua kikuu. Redio nazo zinapitisha matangazo. Lakini wengi wetu hatujui kwa nini walichagua tarehe 24 na si siku ingine. Siku hiyo, mwaka 1882, muganga mmoja wa Ujerumani alisimama mbele ya wenzake katika chumba kidogo cha Berlin na kuwaonyesha kitu ambacho mutu yeyote hakuwa amekionyesha bado: mikrobe inayoleta kifua kikuu. Jina lake ni Robert Koch.

Leo tunawaletea maisha yake. Tumemuchagua juu magonjwa aliyoyafuata ni yale yale yanayotusumbua huku mashariki mwa Kongo: kifua kikuu, kolera, kimeta cha ngombe, tauni, malale, homa ya papasi. Tena tumemuchagua juu maisha yake yana sehemu mbili. Kuna kazi nzuri ambayo ingali inaokoa watu paka leo, na kuna makosa makubwa ambayo watu wengine waliyalipa kwa mwili wao, na kati yao walikuwa Waafrika. Tutazisema zote mbili.

Mtoto wa mutu wa machimbo

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 ya mwezi wa 12 mwaka 1843 katika mji wa Clausthal. Ni mji wa milima, na watu wake waliishi kwa kazi ya machimbo, kama vile watu wengi wa Walikale, Shabunda ao Kamituga wanavyoishi leo. Baba yake alikuwa mukubwa katika kazi ya machimbo. Katika nyumba yao walizaliwa watoto 13. Inasemekana kwamba alijifunza kusoma yeye mwenyewe katika magazeti mbele ya kuanza shule.

Alisoma uganga kwenye chuo kikuu cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa amekwisha kuandika miaka mingi mbele kwamba magonjwa ya kuambukiza yanaletwa na viumbe hai vidogo sana. Henle hakuwa na njia ya kuhakikisha neno hilo. Mwanafunzi wake njo aliyekuja kulihakikisha.

Kijana Koch alitamani kusafiri na kuona dunia. Mwaka 1867 alioa Emmy Fraatz, mwaka uliofuata wakazaa binti mmoja, Gertrud, na kile kiu cha safari kikabaki pembeni. Akawa muganga wa kawaida, anayezunguka kwa wagonjwa katika miji midogo. Vita vya Ujerumani na Ufaransa vilipoanza mwaka 1870, alijitolea kutibu askari. Nyuma ya pale, mwaka 1872, serikali ilimutuma katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko ndani ya Poland, awe muganga wa wilaya.

Wollstein, ngombe na kimeta

Katika wilaya hiyo wafugaji walikuwa wanalia. Kondoo na ngombe walikuwa wanakufa kwa kimeta. Mnyama asubuhi anakula vizuri, jioni amelala chini, damu yake nyeusi. Wachungaji nao walikuwa wanashikwa. Jambo lililowashangaza watu zaidi ni kwamba malisho fulani yalikuwa kama yamelaaniwa: hata yakiachwa miaka, mnyama akirudi kula pale, anakufa.

Koch hakuwa na labo ya serikali. Aligawa chumba chake cha kupokea wagonjwa kwa pazia, upande mmoja wagonjwa, upande mwingine mikroskopi yake. Asubuhi alitibu watu, kiisha alirudi kwenye mikroskopi. Katika damu ya wanyama waliokufa, wengine mbele yake walikuwa wameona vijiti vidogo sana. Lakini kuona si kuhakikisha. Labda vijiti vile vilikuja nyuma ya kifo, kama vile nzi wanavyofuata kidonda.

Basi alichukua kipande kidogo cha mti, akakisafisha kwa moto, akakichovya katika damu ya mnyama mgonjwa, akachoma panya. Panya akafa. Alichukua damu ya panya huyo akaitia kwa mwingine, na mwingine, na mwingine. Wote walikufa na kimeta, na vijiti vile vile vilikuwa ndani. Kiisha alitafuta kuviotesha nje ya mwili. Alitumia maji ya ndani ya jicho la ngombe. Vijiti vikaota humo, vikazaana, tena vikawa na ile nguvu ya kuua.

Hapo njo alipoona siri ya malisho. Wakati hali ni mbaya, vijiti vile vinajifunga na kuwa kama mbegu kavu. Mbegu hizo zinaweza kukaa katika udongo miaka mingi bila kufa. Mnyama akikula majani pamoja na udongo ule, mbegu zinaamka ndani yake. Hakukuwa laana, hakukuwa jirani mwenye wivu. Mnyama aliyekufa zamani aliachwa ao alizikwa vibaya, na udongo ukatunza ugonjwa.

Mwaka 1876 Koch alipeleka kazi yake kwa profesa Ferdinand Cohn katika mji wa Breslau. Wakubwa wa uganga waliokuwa pale walimutazama muganga huyu wa kijijini akirudia majaribio yake mbele yao siku kwa siku, na walikubali. Ilikuwa mara ya kwanza mutu kuonyesha, hatua kwa hatua, kwamba mikrobe fulani inaleta ugonjwa fulani.

Ndugu wafugaji, jambo hili si la zamani tu. Mwaka 2025, katika mbuga ya Virunga, upande wa mto Ishasha, viboko wengi walikutwa wamekufa, na vipimo vilionyesha kimeta. Ndiyo maana mutu hapaswi kukula ao kuuza nyama ya mnyama aliyekutwa amekufa, hata kama njaa ni kali.

Kiazi kilichokatwa

Mwaka 1880 serikali ilimuita Berlin, kwenye ofisi kubwa ya afya. Huko alipata labo na wasaidizi. Shida yake ya kwanza ilikuwa kutenganisha mikrobe. Katika mchuzi, mikrobe za kila aina zinachangamana kama vile mbegu za mahindi na za mahargi katika mfuko mmoja. Utajuaje ni ipi inayoua?

Siku moja aliona kwamba juu ya kiazi kilichopikwa na kukatwa, kilichoachwa wazi, kulitokea madoa ya rangi mbalimbali. Kila doa lilikuwa jamaa moja ya mikrobe, haijachangana na ingine. Alifahamu kwamba juu ya kitu kigumu, mikrobe hazitembei, kila moja inazaa pale ilipoanguka. Kuanzia pale walitafuta kitu kigumu kilicho bora kuliko kiazi. Fanny Hesse, bibi ya mmoja wa wasaidizi wake, njo aliyeleta wazo la kutumia agari, kitu kinachotokana na majani ya baharini ambacho alikuwa anakitumia jikoni kwake kugandisha vyakula. Msaidizi mwingine, Julius Petri, alitengeneza kisahani chenye kifuniko. Paka leo, ukiingia katika labo ya hospitali yoyote inayootesha mikrobe, utakuta agari ya mama Hesse na kisahani cha Petri.

Tarehe 24 mwezi wa tatu, 1882

Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kinamaliza Ulaya. Koch alihesabu kwamba kati ya watu 7 wanaokufa, mmoja anauawa na kifua kikuu. Wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa ukoo: baba akikohoa, mtoto naye atakohoa, ni damu yao. Wengine walisema ni hewa mbaya ao huzuni.

Mikrobe ya kifua kikuu ni ngumu kuona. Imevaa kitu kama nta, na rangi za kawaida haziingii. Koch alijaribu rangi mbalimbali mara nyingi paka alipofaulu kuipaka rangi ya bluu. Tena ni mvivu wa kuota. Mikrobe zingine zinaota kwa siku moja ao mbili. Hii, ilipita wiki ya kwanza bila kitu kuonekana. Mutu mwingine angetupa vile vyombo. Yeye alingojea, na katika wiki ya pili madoa madogo yakatokea. Kiisha aliitia kwa simbilisi, wale ambao huku Kivu wengi wanawaita dende, na dende wakapata kifua kikuu.

Usiku ule wa tarehe 24 aliongea polepole, bila madaha. Alikuwa amepanga mezani mikroskopi na vipimo zaidi ya 200. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyeuliza swali. Watu walisimama mmoja mmoja wakaenda kuangalia kwenye mikroskopi. Nyuma ya majuma machache habari ilikuwa imefika ngambo ya bahari.

Kile alichokionyesha kilibadilisha mambo mengi. Kama ugonjwa unaletwa na mikrobe iliyo ndani ya makohozi, basi si laana ya ukoo. Watoto wa nyumba moja wanashikwa juu wanalala chumba kimoja kisicho na dirisha na mutu anayekohoa. Na kama ni hivyo, kuna kitu cha kufanya: kufungua madirisha, kufunika kinywa, kupima makohozi, kutenga mgonjwa kwa muda paka dawa ifanye kazi.

Kolera: kutoka Misri paka Uhindi

Mwaka 1883 kolera ililipuka Misri. Ulaya iliogopa. Ufaransa ilituma waganga wa Louis Pasteur, Ujerumani ikatuma Koch na wenzake. Nchi hizo mbili zilikuwa zinachukiana tangu vita, na waganga nao walikuwa wanashindana. Lakini kolera haichagui bendera. Kijana mmoja wa upande wa Ufaransa, Louis Thuillier, alishikwa na kolera katika mji wa Alexandria akafa. Koch na wenzake walikuja kwenye maziko, wakaleta maua, na Koch alisaidia kubeba jeneza.

Ugonjwa ulipopungua Misri, Wafaransa walirudi kwao. Koch aliomba ruhusa ya kuufuata Uhindi, katika mji wa Calcutta. Huko, mwanzoni mwa mwaka 1884, alitenganisha mikrobe ya kolera, iliyopinda kama alama ya mkato katika maandishi. Muganga Muitaliano, Filippo Pacini, alikuwa ameiona tangu mwaka 1854, lakini wakubwa wa uganga hawakumufuata. Koch yeye aliiotesha, tena akaenda mbele: alitafuta inapotoka. Katika sehemu moja ya mji, watu wa nyumba za kuzunguka kidimbwi walikuwa wanaoga humo, wanafua nguo za wagonjwa humo, na wanateka humo maji ya kunywa. Koch alipima ile maji, akakuta mikrobe ile ile.

Mutu wa Goma anayeteka maji ya ziwa Kivu kwa bidoni, ao mutu wa Uvira na Kalemie anayeteka ziwa Tanganyika, hahitaji tumufasirie zaidi. Wazee wanakumbuka mwezi wa saba mwaka 1994, wakati wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda walipoingia Goma, na kolera pamoja na kuhara damu vikaua makumi ya maelfu ya watu kwa majuma machache. Udongo wa mawe ya volkano haukuchimbika, na watu walikuwa wanakunywa maji ya ziwa bila dawa.

Barabara moja, pande mbili

Hata nyuma ya Calcutta, si wote walioamini. Profesa mashuhuri wa München, Max von Pettenkofer, alisema kwamba mikrobe peke yake haitoshi, lazima udongo na hewa viwe vibaya pia. Mwaka 1892 alikunywa mbele ya watu maji yenye mikrobe ya kolera. Alihara kidogo tu, akabaki muzima. Watu wengi huku wanatoa neno kama lile: tangu utoto tunakunywa maji ya ziwa, mbona hatukufa? Jibu ni kwamba si kila mutu anayemeza mikrobe anaugua. Tindikali ya tumbo inaua nyingi, na kiasi alichomeza mutu ni jambo kubwa pia. Mwenye bahati anabaki muzima, lakini anaweza kupeleka mikrobe chooni, na kutoka chooni inamufikia mtoto wa jirani.

Mwaka huo huo wa 1892 mji wa Hamburg ulitoa ushuhuda mkubwa kuliko wa profesa. Kolera iliingia, na kwa muda mufupi watu zaidi ya 8 000 walikufa. Hamburg ilikuwa inateka maji ya mto Elbe na kuyapeleka nyumbani bila kuyachuja. Mji wa Altona ulikuwa umegusana nao, na ulikuwa unateka mto huo huo, tena upande wa chini, pale uchafu wa Hamburg ulipokuwa umekwisha kuingia. Lakini Altona ilikuwa inapitisha maji yake katika mchanga mbele ya kuyagawa. Kwenye barabara zilizokuwa mpaka wa miji hiyo miwili, upande wa Hamburg watu walikufa, upande wa Altona walibaki wazima. Hewa ilikuwa moja na udongo ulikuwa mmoja. Maji tu njo yalikuwa tofauti.

Serikali ilimutuma Koch Hamburg. Alipoona namna masikini walivyokuwa wanaishi wamebanana katika nyumba za bandarini, alishangaa. Alihimiza watu wachemshe maji, walete maji safi kwa magari, wasafishe nyumba za wagonjwa. Wakubwa wa mji walikuwa wamechelewa kutangaza ugonjwa kwa kuogopa hasara ya biashara. Siku zile walizochelewa ziliua watu.

Dawa ya siri

Sasa tufike kwenye upande ule mwingine. Mwaka 1890 Koch alikuwa mutu anayejulikana dunia mzima. Katika mkutano mkubwa wa waganga kule Berlin alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Miezi michache nyuma, aliandika kwamba kinaponya ugonjwa ukiwa mwanzoni. Hakusema kimetengenezwa na nini. Ilibaki siri.

Muelewe hali ya wagonjwa wa wakati huo: walikuwa wanangojea kifo. Walitoka kila pembe ya Ulaya, wengine wakibebwa, wakajaza Berlin. Hoteli zilijaa, waganga wengine walitajirika kwa kuwachoma sindano. Mwandishi Arthur Conan Doyle, ambaye naye alikuwa muganga, alifika kuona, na alirudi akiwaonya watu wasikimbilie mbele ya kupata uhakika. Hawakumusikia.

Kiisha wagonjwa walianza kufa. Waliochomwa walipata homa kali, wengine hali yao ilizidi kuwa mbaya. Mwanzoni mwa mwaka 1891 profesa Rudolf Virchow alifungua miili ya waliokufa, akaonyesha kwamba ile dawa haikuua mikrobe, na kwa wengine ilikuwa kama imeutawanya ugonjwa ndani ya mwili. Watu walidai Koch aseme ni dawa gani. Ikajulikana kwamba ni maji yaliyotokana na mikrobe zenyewe za kifua kikuu, pamoja na gliserini. Aliita dawa yake tuberkulini.

Mutu ambaye alingojea wiki mbili mbele ya vyombo vyake bila haraka, safari hii alikimbia. Alijaribu kwa dende, akajichoma yeye mwenyewe akapata homa kali, akajaribu kwa watu wachache, akatangaza. Ile sheria yake ya kuonyesha kila hatua mbele ya wote, yeye mwenyewe aliivunja. Wakati kelele zilipopanda, alisafiri Misri. Katika miaka ile ile ndoa yake ilivunjika, na mwaka 1893 alioa Hedwig Freiberg, kijana sana kuliko yeye. Magazeti yalipata la kusema.

Tuberkulini haikuponya mutu, lakini haikupotea. Waganga waligundua kwamba ukiitia kidogo chini ya ngozi, ngozi ya mutu aliyekwisha kukutana na mikrobe inavimba. Paka leo hospitali nyingi zinatumia kipimo hicho kwa watoto. Dawa ya kweli ya kwanza, streptomisini, ilipatikana mwaka 1943 tu, wakati Koch alikuwa amekwisha kufa miaka 33.

Huku Afrika

Nyuma ya aibu hiyo Koch alirudia ile hamu yake ya utoto ya kusafiri. Mwaka 1896 alikuwa Afrika ya Kusini juu ya ugonjwa uliokuwa unamaliza ngombe. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, katika koloni ya Wajerumani, akachunguza malaria. Kutoka Kisiba, karibu na ziwa Victoria, walimuletea vipimo vya ugonjwa uliokuwa unaua watu, na alihakikisha kwamba ni tauni. Wasomaji wa Ituri wanajua kwamba tauni haijatoka katika milima yetu paka leo.

Mwaka 1905 alirudi Afrika ya mashariki, akaonyesha kwamba ile homa inayorudi rudi inaletwa na papasi, mdudu anayejificha katika nyufa za nyumba za udongo na kutoka usiku kuuma watu waliolala. Wakati ule ule, huku kwetu Kongo, waganga wawili, Dutton Muingereza na Todd Mukanada, walikuwa wanafanya kazi hiyo hiyo. Joseph Dutton aliambukizwa homa hiyo akifanya kazi yake, na tarehe 27 ya mwezi wa pili mwaka 1905 alikufa Kasongo, katika Maniema ya leo. Mwishoni mwa mwaka huo Koch alipewa zawadi ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Kiisha kukaja malale. Kandokando ya ziwa Victoria, upande wa Uganda, malale ilikuwa imeua watu zaidi ya 200 000 kwa miaka michache. Mwaka 1906 Koch alipiga kambi katika visiwa vya Sese. Wagonjwa walikuja kwa mamia, wengine wakiletwa kwa mitumbwi. Aliwachoma atoksili, dawa yenye sumu ya arseniki ndani. Mara ya kwanza walionekana kupata nafuu, mikrobe ikapotea katika damu. Kiisha ilirudi. Koch aliongeza kipimo cha dawa. Wagonjwa walipata maumivu makali, na watu zaidi ya 20 walipofuka macho bila kupona tena. Hapo aliacha kipimo kile kikubwa, lakini aliendelea na dawa. Tena alishauri serikali iwakusanye wagonjwa katika kambi, mbali na jamaa zao.

Watu wale wa Sese walikuja wakitafuta uzima. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali kujaribiwa dawa ambayo hatari yake ilikuwa imekwisha kujulikana. Majina yao hayamo katika vitabu vinavyomusifu Koch. Wakati mama fulani huku anaogopa sindano ya wageni, si ujinga tu. Kuna historia nyuma ya ile woga, na waganga wanafanya vizuri wakiijua. Leo kuna sheria: mgonjwa lazima aelezwe, akubali mwenyewe, na aweze kukataa. Na malale leo inatibiwa na vidonge vya kumeza, ambavyo majaribio yake makubwa yalifanyika kwa sehemu kubwa na waganga Wakongomani, hapa nchini.

Mwisho wake

Mwaka 1908 Koch alizunguka dunia, akapokelewa Ujapani na mwanafunzi wake wa zamani, Shibasaburo Kitasato. Aliporudi, moyo wake ulikuwa umechoka. Alikufa tarehe 27 ya mwezi wa tano mwaka 1910 katika mji wa Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yametunzwa Berlin, ndani ya chuo cha uchunguzi kinachobeba jina lake.

Hata karibu na mwisho alikuwa anakosea. Mwaka 1901 alisema kwamba kifua kikuu cha ngombe si hatari kwa watu. Si kweli. Maziwa mabichi ya ngombe mgonjwa yanaweza kuleta kifua kikuu, zaidi kwa watoto. Ndugu zetu wa Masisi, wa Minembwe na wa Ituri, chemsheni maziwa. Tena ni kutoka mikrobe hiyo ya ngombe kwamba Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, walitengeneza chanjo ya BCG, ile inayochomwa mtoto mchanga kwenye mukono.

Tubaki na nini

Huku kwetu mutu akianza kukonda, kukohoa na kutoa jasho usiku, neno la kwanza linalotoka kwa jirani ni karuho: wamemutilia sumu. Familia inauza shamba kulipa waganga wa kienyeji wamutapishe. Miezi inapita. Mgonjwa anazidi kudhoofika, na wale wanaolala naye chumba kimoja wanaanza kukohoa. Kiisha watu wanamutafuta mchawi, na mara ingine mama mzee asiye na kosa anafukuzwa kijijini, ao anauawa.

Watu wa Ulaya nao walisema mambo kama yale mbele ya mwaka 1882. Kipimo cha makohozi njo kilichomaliza mabishano. Kipimo hicho kipo leo katika maeneo yetu ya afya, na dawa za kifua kikuu zinatolewa bila malipo. Kwa hiyo:

Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda upimwe makohozi, hata kama unafikiri ni karuho. Kipimo hakikuzuii kitu.

Ukikutwa na kifua kikuu, meza dawa kila siku, kwa kawaida miezi 6, paka muganga aseme basi. Ukijisikia vizuri kwa mwezi wa pili ukaacha, mikrobe zilizobaki zinazoea dawa, na zinakuwa ngumu kuua.

Maji ya ziwa ao ya mto, tia klore ao chemsha mbele ya kunywa. Nawa mikono na sabuni ukitoka chooni na mbele ya kushika chakula.

Mutu akihara maji maji mengi, usingojee asubuhi. Umupe maji ya chumvi na sukari ukiwa njiani kwenda kituo cha afya: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojazwa kupita mdomo wa kijiko, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kolera inaua kwa kumaliza maji ya mwili, na inaweza kuua kwa masaa machache.

Na mutu yeyote akikuuzia dawa ya siri inayoponya kila kitu, awe na koti nyeupe ao na pembe ya mnyama, muulize imetengenezwa na nini na ni nani amekwisha kuihakikisha. Mwaka 1890 watu wa Berlin hawakuuliza swali hilo kwa wakati, na aliyekuwa anauza hakuwa mdanganyifu wa sokoni, alikuwa Robert Koch mwenyewe.